Nafasi ya Nyutroni katika Uchunguzi wa Miundo ya Vitu Yabisi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi wanafizikia wanavyotumia mtawanyiko wa nyutroni kuchunguza mpangilio wa atomu ndani ya vitu yabisi. Yanaanza kwa kufafanua istilahi za msingi, kisha yanalinganisha nyutroni na eksirei. Baada ya hapo yanafuata safari ya nyutroni kutoka katika kinu cha nyuklia hadi kwenye kipokezi, na kuchanganua mifano minne: barafu, oksidi ya manganisi, kauri inayopitisha umeme bila ukinzani, na reli ya chuma. Hoja kuu ni kwamba kila chombo cha uchunguzi huona tu kile kinachoathiriana nacho. Nyutroni, kwa kukosa chaji ya umeme, huyafikia mambo ambayo vyombo vingine hupita bila kuyatambua.

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Oktoba 2000, gari moshi lililokuwa likisafiri kutoka London kwenda Leeds liliacha reli karibu na mji wa Hatfield, Uingereza. Watu 4 walifariki na wengine zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulibaini kwamba reli ilivunjika vipande vipande kutokana na nyufa zilizoletwa na uchovu wa chuma, yaani kudhoofika kwa chuma kunakotokana na kukanyagwa na magurudumu mara nyingi mno.

Mkasa huo unaibua swali ambalo ni la kitaaluma na vilevile la uhai wa watu. Je, mhandisi atajuaje yanayotendeka ndani ya kipande cha chuma bila ya kukikata? Akikikata, mikazo iliyofungika ndani yake hulegea, na kile alichotaka kukipima hutoweka mbele ya macho yake. Akitumia miali ya kawaida ya eksirei ya maabarani, miali hiyo huingia katika chuma kwa kina cha sehemu ndogo tu ya milimita, kisha ikamezwa. Ama kwa hakika, wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na reli akilini, lakini kauli yao yaafiki hali hii barabara. Jambo linalohitajika ni chembe inayoweza kupenya sentimita kadhaa za chuma na kutoka ikiwa na habari za mpangilio wa atomu za huko ndani. Nyutroni ni chembe ya aina hiyo.

2.0 Istilahi na Dhana za Msingi

Kabla ya kuzama katika mada, yafaa tukubaliane kuhusu maneno. Kitu yabisi ni kile chenye kushikilia umbo lake, mathalani chumvi, chuma, barafu au kauri. Katika vingi vya vitu hivi, atomu zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Msomaji afikirie mkeka uliosukwa kwa ruwaza moja: ajuaye ruwaza hiyo pamoja na umbali wa kujirudia kwake, amekwisha kuujua mkeka mzima. Kitu yabisi chenye mpangilio wa namna hii huitwa fuwele, na kuchunguza muundo wake ni kutafuta ruwaza ndogo kabisa inayojirudia.

Atomu yenyewe ina kiini kilichoundwa kwa protoni na nyutroni, na kukizunguka kiini hicho kuna wingu la elektroni. Neno kiini hapa lisimpotoshe msomaji akadhani tunazungumzia kitu kama kiini cha yai, kinachojaza sehemu kubwa ya yai. Lau atomu ingekuwa na ukubwa wa uwanja wa mpira, kiini chake kingelingana na punje ya mahindi iliyowekwa katikati ya uwanja. Hata hivyo, karibu uzito wote wa atomu umo katika punje hiyo.

Istilahi ya tatu ni mtawanyiko. Kitenzi tawanya hutupa tawanyika, mtawanyiko na kitawanyi, na mnyumbuliko huu unaafikiana na fizikia yenyewe. Atomu hutawanya, nyutroni hutawanyika, tukio lenyewe ni mtawanyiko. Kauli ya kutendeka inabainisha kwamba ni nyutroni inayobadilishiwa mwelekeo, ilhali atomu ndiyo sababu ya badiliko hilo. Anayepima mielekeo ya nyutroni zilizotawanyika anaweza kukisia kwa usahihi mkubwa mahali zilipo atomu zilizozitawanya.

3.0 Nyutroni na Eksirei

Mwaka 1912, Max von Laue na wenzake nchini Ujerumani walionyesha kwamba eksirei zikipitishwa katika fuwele hutoka zikiwa zimejigawa katika mielekeo maalumu. Mwaka uliofuata, William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg walianza kuitumia mbinu hiyo kubaini miundo ya fuwele mbalimbali. Tangu wakati huo eksirei zimekuwa chombo kikuu cha taaluma hii, na hadi leo nyutroni hazijazing'oa katika nafasi hiyo.

Hata hivyo, eksirei zina hulka moja ambayo mtafiti hana budi kuizingatia. Miali hii hutawanywa na elektroni. Kadiri atomu inavyokuwa na elektroni nyingi, ndivyo inavyoonekana kwa nguvu zaidi. Atomu ya risasi ina elektroni 82, ya oksijeni ina 8, na ya hidrojeni ina 1 tu. Kuitafuta hidrojeni kwa eksirei katika kitu chenye atomu nzito ni sawa na kujaribu kusikia mnong'ono penye ngoma.

Nyutroni, iliyogunduliwa na James Chadwick huko Cambridge mwaka 1932, haina chaji ya umeme. Kwa sababu hiyo hupita katika wingu la elektroni bila kuvutwa wala kusukumwa na chaji zake, na hutawanywa hasa na kiini. Nguvu ya mtawanyiko huo haifuati idadi ya elektroni. Wanafizikia huipima kwa kipimo kiitwacho urefu wa mtawanyiko, kinachotajwa kwa femtomita, ambapo femtomita moja ni sehemu moja ya milioni ya nanomita. Kwa oksijeni kipimo hicho ni 5.80, kwa chuma 9.45 na kwa risasi 9.40. Kwa hidrojeni ya kawaida ni hasi 3.74, na kwa hidrojeni nzito, ambayo kiini chake kina nyutroni moja ya ziada, ni 6.67. Alama ya hasi ina maana kwamba wimbi linalotawanywa na hidrojeni ya kawaida huwa kinyume na linalotawanywa na nyingi za atomu nyingine: penye kilele pakawa bonde.

Takwimu hizi zinadhihirisha mambo mawili. Kwanza, pengo kubwa lililopo baina ya atomu nyepesi na nzito kwa jicho la eksirei karibu linatoweka kwa jicho la nyutroni. Pili, nyutroni hutofautisha hata isotopu za elementi moja, jambo ambalo kwa eksirei ni muhali, maana isotopu zote za elementi moja zina idadi sawa ya elektroni. Fauka ya hayo, nyutroni ina tabia ya sumaku ndogo sana. Ikipita karibu na atomu yenye usumaku, huathiriwa na mwelekeo wa sumaku hiyo.

4.0 Safari ya Nyutroni

4.1 Chanzo na Kupunguzwa kwa Kasi

Louis de Broglie alipendekeza mwaka 1924 kwamba kila chembe inayosonga ina wimbi linaloambatana nayo, na kwamba kasi ikipungua, urefu wa wimbi huongezeka. Ili wimbi lifae kuchunguza fuwele, urefu wake unapaswa kukaribiana na nafasi zilizopo kati ya atomu, ambazo ni sehemu za nanomita.

Nyutroni zinazozaliwa kiini cha urani kinapopasuka katika kinu cha nyuklia huwa na kasi ya takriban kilomita 20,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, wimbi lake ni fupi mno. Hivyo basi, hupitishwa katika maji, maji mazito au grafiti, ambamo hugongana na viini vyepesi mara kwa mara na kupoteza kasi. Aliyewahi kucheza gololi anaijua kanuni hii: gololi ikigonga nyingine iliyo sawa nayo, huiachia sehemu kubwa ya mwendo wake; ikigonga jiwe kubwa, hurudi karibu na kasi ileile. Nyutroni zilizopoa hadi halijoto ya chumba huwa na kasi ya takriban mita 2,200 kwa sekunde, na wimbi lake ni la nanomita 0.18. Safari ya Nairobi hadi Mombasa, ambayo ni takriban kilomita 480 kwa barabara, ingeichukua nyutroni kama hiyo chini ya dakika 4. Ingefika salama aghalabu, kwa kuwa nyutroni iliyo nje ya kiini huishi wastani wa karibu dakika 15 kabla ya kuoza.

4.2 Kanuni ya Bragg

Nyutroni zilizopozwa huelekezwa kwenye sampuli zikiwa mwale mwembamba. Ndani ya fuwele, atomu zimekaa kwa matabaka sambamba, na kila tabaka hurudisha sehemu ndogo ya wimbi. Wimbi linalorudi kutoka tabaka la pili limesafiri umbali mrefu kidogo kuliko lile la tabaka la kwanza. Ikiwa umbali huo wa ziada ni urefu kamili wa wimbi, au mara mbili au tatu ya urefu huo, vilele hukutana na vilele na mawimbi hukuzana. Vinginevyo, mawimbi ya matabaka mengi hufutana. Kanuni hii huandikwa hivi: nλ = 2d sin θ, ambapo λ ni urefu wa wimbi, d ni nafasi kati ya matabaka, θ ni pembe ya mwale na tabaka, na n ni namba kamili.

Tuchukue mfano wa chuma. Nafasi kati ya matabaka yake yenye atomu zilizosongamana zaidi ni nanomita 0.203. Tukitumia wimbi la nanomita 0.18, kanuni inatupa θ ya takriban digrii 26.3. Kwa hiyo kipokezi kitapata kilele cha nyutroni kwenye pembe ya digrii 52.6 kutoka mwelekeo wa awali wa mwale. Sasa tuseme chuma hicho kimevutwa na nafasi hiyo ikaongezeka kwa sehemu moja tu katika elfu. Kilele kitasogea kwa karibu sehemu 6 za mia za digrii moja. Ni badiliko dogo, lakini vyombo vya kisasa hulipima bila taabu. Msomaji auweke mfano huu akilini, kwani tutaurejelea tutakapoizungumzia reli.

5.0 Mifano ya Miundo Iliyobainishwa

5.1 Barafu

Katika barafu ya kawaida, eksirei zilikuwa zimekwisha kuonyesha mahali pa atomu za oksijeni: kila moja imezungukwa na nyingine nne. Hidrojeni zilikuwa wapi? Mwaka 1935 Linus Pauling alitoa pendekezo. Kati ya kila oksijeni mbili jirani kuna hidrojeni moja, nayo imekaa karibu na mojawapo ya oksijeni hizo wala haipo katikati. Kila oksijeni ina hidrojeni mbili zilizo karibu nayo, lakini ni zipi kati ya nafasi nne hazina utaratibu maalumu. Pendekezo hili lilihitaji ushahidi.

Ushahidi huo ulitoka Oak Ridge, Marekani, katika kinu cha grafiti kilichoanza kufanya kazi tarehe 4 Novemba 1943 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita, Ernest Wollan na Clifford Shull walikitumia kinu hicho kuasisi taaluma ya mtawanyiko wa nyutroni. Mwaka 1949, wao pamoja na mwenzao Davidson walichapisha matokeo ya uchunguzi wa barafu iliyotengenezwa kwa maji mazito. Matokeo hayo yaliafikiana na pendekezo la Pauling. Walitumia maji mazito kwa kuwa hidrojeni ya kawaida hutawanya nyutroni ovyo pande zote, na ukungu huo huvifunika vilele vinavyotafutwa.

5.2 Oksidi ya Manganisi

Katika miaka ya 1930, Louis Néel wa Ufaransa alitabiri kwamba kuna vitu ambavyo kila atomu yake ni sumaku, lakini sumaku jirani zimeelekeana kinyume, moja juu na nyingine chini, hata kitu kizima kikaonekana hakina usumaku. Utabiri huo ulikuwa mgumu kuuthibitisha: sumaku zinazofutana hazionekani kwa nje.

Mwaka 1949, Shull na Samuel Smart waliichunguza oksidi ya manganisi kwa nyutroni katika halijoto ya chumba, kisha katika nyuzi hasi 193 za Selsiasi. Katika baridi hiyo vilitokea vilele vipya ambavyo havikuwapo awali, na pembe zake zilionyesha kwamba umbali wa kujirudia kwa ruwaza ulikuwa umeongezeka maradufu. Turudi kwenye mkeka wetu. Mkeka ukisukwa kwa miyaa yenye unene mmoja lakini ya rangi mbili zinazopokezana, mwenye kuangalia unene tu ataona ruwaza inajirudia kila baada ya mwaa mmoja. Mwenye kuona rangi atasema inajirudia kila baada ya miwili. Eksirei za wakati huo ziliona unene. Nyutroni ziliona na rangi pia. Néel alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

5.3 Kauri Inayopitisha Umeme bila Ukinzani

Mwaka 1987 iligunduliwa kauri ya yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni ambayo hupitisha umeme bila ukinzani wowote ikipozwa hadi takriban nyuzi hasi 180 za Selsiasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo hilo kutokea katika halijoto inayofikiwa kwa naitrojeni ya majimaji, ambayo hupatikana kwa gharama nafuu. Tabia ya kauri hii hutegemea oksijeni: ikipungukiwa nayo kupita kiasi, huacha kabisa kupitisha umeme kwa namna hiyo. Kwa eksirei, elektroni 8 za oksijeni zilimezwa na 56 za bariamu na 39 za yitriamu. Kwa nyutroni, oksijeni hutawanya kwa nguvu kuliko hata bariamu, ambayo urefu wake wa mtawanyiko ni 5.07. Ndiyo maana maabara kadhaa ziliharakisha kuipima kwa nyutroni mwaka huohuo, na zikabainisha ni nafasi zipi zina oksijeni na zipi ziko wazi.

5.4 Reli ya Chuma

Sasa turejee tulikoanzia. Reli inapoviringishwa kiwandani, inaponyooshwa na inapokanyagwa na magurudumu, baadhi ya sehemu zake za ndani hubaki zimevutwa na nyingine zimebanwa. Sehemu iliyovutwa ni hatari zaidi, kwa sababu mvuto huo huupanua ufa uliokwisha kuanza. Watafiti wamechukua vipande vya reli na kuvipima kwa nyutroni katika vituo vya Ulaya. Mwale mwembamba hulengwa mahali mahususi ndani ya chuma, na kipokezi hutazama mahali hapo tu. Kilele kikisogea upande wa pembe ndogo, matabaka yamevutwa. Kikisogea upande wa pembe kubwa, yamebanwa. Kwa kusogeza reli milimita baada ya milimita, ramani ya mikazo hupatikana bila chuma kukatwa. Kwa chuma cha pua, badiliko la sehemu moja katika elfu, lile tulilolikokotoa awali, huashiria mkazo wa takriban megapaskali 200. Mbinu hiyohiyo hutumika kupima maungio ya kuchomelea, mabomba na sehemu za injini za ndege.

6.0 Atomu Zisizotulia

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba atomu zimesimama tuli. Ukweli ni kwamba hutetemeka daima, na mitetemo yake huamua jinsi kitu kinavyopitisha joto. Nyutroni iliyopozwa ina nishati inayokaribiana na ile ya mitetemo hiyo. Ikigongana na fuwele inaweza kupokea au kuacha kiasi cha nishati, na kasi yake ikabadilika kwa namna inayopimika. Bertram Brockhouse wa Kanada aliunda katika miaka ya 1950, huko Chalk River, chombo cha kupima mabadiliko hayo. Mwaka 1994 yeye na Shull walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Fizikia: Shull kwa kubainisha mahali zilipo atomu, Brockhouse kwa kubainisha mienendo yake. Wollan, aliyeianza kazi hiyo Oak Ridge, alikuwa amefariki mwaka 1984, na tuzo hii haitolewi kwa marehemu.

7.0 Mipaka ya Mbinu Hii

Itakuwa kosa kuisifu mbinu hii bila kutaja upungufu wake. Kwanza, vyanzo vyake ni ghali na ni vichache. Kinu cha Taasisi ya Laue-Langevin huko Grenoble, Ufaransa, kilianza kazi mwaka 1971. Kituo cha ISIS nchini Uingereza, kilichotoa nyutroni zake za kwanza mwaka 1984, hakitumii urani inayopasuka bali hurusha protoni kwenye metali nzito ili zing'oe nyutroni katika viini vyake. Barani Afrika, kinu cha SAFARI-1 huko Pelindaba, Afrika Kusini, kilichoanza mwaka 1965, kimewekewa vyombo vya kupima mikazo ya ndani ya metali.

Pili, miale ya nyutroni ni hafifu ikilinganishwa na ya eksirei, kwa hiyo sampuli inapaswa kuwa kubwa na upimaji huchukua muda mrefu. Tatu, baadhi ya elementi, kama kadmiamu na boroni, humeza nyutroni badala ya kuzitawanya. Nne, sampuli yenyewe inaweza kuwa na mnururisho baada ya kupimwa, na ikalazimu ihifadhiwe kwa uangalifu. Kwa sababu hizi, mtafiti mwenye busara huanza na eksirei maabarani mwake, kisha akapeleka kwenye nyutroni maswali yale tu ambayo eksirei zimeshindwa kuyajibu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba muundo wa kitu yabisi haubainiki kwa chombo kimoja. Eksirei huona elektroni. Nyutroni huona viini na sumaku. Kutokana na tofauti hiyo, hidrojeni za barafu, sumaku zinazofutana, oksijeni iliyofichwa na atomu nzito, na mikazo iliyofungika ndani ya reli viliweza kujulikana. Mhandisi anayesoma ramani ya mikazo hiyo ana nafasi ya kubadilisha utengenezaji wa reli na ratiba ya ukaguzi wake kabla ya ufa kukua.

Tungependa kutoa wito kwa wanachama wenzetu. Maneno kama kiini, fuwele, ruwaza, mkazo na mtawanyiko yametuwezesha kufuata hoja hii kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale Kiswahili kilipokosa neno, kama katika nyutroni na isotopu, kilikopa na kuliweka neno hilo katika ngeli zake. Zimebaki dhana nyingi ambazo hazijapata istilahi moja inayokubalika. Mwanafunzi wa Kiswahili akiketi na mwenzake wa Fizikia katika chuo hikihiki, wakachukua sura moja ya kitabu cha mwaka wa kwanza na kuijadili neno kwa neno, watakuwa wameanza kazi ambayo hakuna kati yao awezaye kuifanya peke yake.